Gemu Yako ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Sana Kuhusu Kuchagua Projekti kwa Kuangalia Unachokithamini

Haya maswali nimeyakusanya kutoka kwa vijana ninaowasaidia kuanza kutengeneza magemu. Yanajirudia kila mwezi, ndo maana nimeyaandika sehemu moja. Kama una haraka soma swali lako tu, pale jibu linapogusa swali lingine nitakuelekeza.

## Mwanzo kabisa

Kwani kuchagua gemu ya kwanza kunahusiana nini na vitu ninavyovithamini? Si nitengeneze tu kitu kitakachouza?

Kwa sababu gemu ya kwanza haifii mwanzoni, inafia katikati. Wiki mbili za kwanza ni raha tupu, kadude kako kanatembea kwenye skrini, unamuonyesha kila anayepita. Halafu inafika wiki ya sita, unatengeneza menyu, kitufe cha kurudi nyuma kimejificha kwenye simu ndogo, alama za mchezaji zinafutika kila akizima simu, na hakuna mtu anayekuuliza tena imefikia wapi. Hapo hela huna maana gemu haijatoka, na sifa huna maana hakuna aliyeiona, kwa hiyo kinachobaki cha kukunyanyua saa nne usiku ukishatoka kazini ni kama hicho kitu kweli unakijali. Nimeona magemu mengi mazuri yakiachwa wiki hiyo ya sita, na karibu yote yalichaguliwa kwa sababu "yanatrend".

Habari ya hela nimeiweka kwenye swali lake huko chini.

Ukisema "ninachokithamini" unamaanisha maadili? Au dini?

Inaweza kuwa hivyo ila siyo lazima. Tatizo ukisema maadili watu wengi tunafikiria mambo ya kukatazwa, vaa hivi, usiseme vile. Mimi nasema tunu, yaani kitu ambacho ukikipata siku yako inakuwa nzuri na ukikikosa unaona umepungukiwa. Kwa mtu mmoja ni ukarimu, kwa mwingine ni ufundi wa kitu kilichonyooka, mwingine ni uhuru wa kutopangiwa, mwingine ni kucheka na watu. Kama dini ndo inayokubeba, basi hiyo ni tunu yako na ina nafasi yake kabisa, usiifiche.

Mbona kila mtu ananiambia nianze kwa kuiga Pong au Flappy Bird?

Wanakuambia vizuri, ila hilo ni zoezi tu, projekti bado. Pong yenyewe, ile ya kupigiana mpira kwenye skrini, ilianza kama zoezi, mwaka 1972 pale kampuni ya Atari bosi Nolan Bushnell alimpa injinia wake mpya Allan Alcorn kazi ya kuanzia ili azoee, ikatokea nzuri wakaiuza. Kwa hiyo iga, wikiendi moja au mbili, ujue mpira unagongaje ukuta na alama zinahesabiwaje, halafu weka pembeni.

Ila ya Flappy Bird, ile ya kugusa skrini ili ndege apite kati ya mabomba, ina somo lake hapa. Aliyeitengeneza ni Dong Nguyen wa Vietnam, ilitoka 2013, na Februari 2014 ikiwa inaongoza kwa kudaunlodiwa akaitoa mwenyewe, akasema watu wamekuwa mateja wa hiyo gemu, hawawezi kuiacha, na yeye hakutaka hivyo. Fikiria, mtu anaacha hela ya matangazo inayoingia kila siku. Maana yake kuna kitu alikithamini kuliko hiyo hela, na alikuja kukutana nacho gemu ikiwa tayari kwenye simu za watu. Mi nakushauri ukutane nacho kabla.

## Kujua unachokithamini

Nikikaa kuandika ninachokithamini naishia "upendo, amani, uaminifu". Nakwama hapo hapo. Nifanyeje?

Hayo ni maneno ya kwenye ukuta wa shule, kila mtu anayaandika. Acha kuandika maneno, angalia unavyoishi. Fungua meseji zako za miamala ya simu za miezi mitatu, toa kodi na chakula na nauli, cheki hela iliyobaki ilienda kwa nani na kwa kitu gani. Kijana mmoja alikuta karibu kila wiki anamtumia mdogo wake bando ili asome, na kwenye karatasi alikuwa ameandika "mafanikio". Tunu yake ilikuwa kwenye simu, kwenye karatasi aliandika anachofikiri watu wanataka kusikia.

Halafu jiulize mara ya mwisho ulikasirika kweli ukicheza gemu ni lini, siyo hasira ya kufungwa, ile ya kuona kitu hakiko sawa. Kuna wanaokasirika gemu inapowauzia silaha kwa hela, hao wanajali haki. Kuna wanaokasirika wakilazimishwa kusoma maelezo kwa dakika kumi, hao wanataka kuachiwa wajaribu wenyewe. Na jiulize pia, ukiona kitu kizuri unamwita nani aje aone. Hilo la mwisho dogo lakini linasema mengi sana kuhusu gemu yako inamlenga nani.

Nimepata tunu tano, nitumie zote?

Moja. Ya pili iweke kwa ajili ya kuamua pale utakapobanwa. Tatu zilizobaki zina magemu yao mbele ya safari.

Mi ninachothamini ni kufurahi na washkaji tu. Hiyo nayo inahesabika?

Inahesabika sana, na nasikitika watu wanavyoiuliza kwa kuogopa. Kumbuka rede: wawili wanarushiana mpira huku na huku, mmoja yuko katikati anakwepa na wakati huohuo anajaza mchanga kwenye chupa, uwanja mzima unapiga kelele. Hakuna stori, hakuna ujumbe, na watu wamekua nayo wanaikumbuka mpaka wana watoto wao. Kama hiyo ndo tunu yako basi gemu yako ya kwanza iwe ya watu wawili kwenye simu moja, kila mtu kashika upande wake, raundi iishe ndani ya dakika moja ili wanaosubiri nao wapate zamu. Unaona jinsi tunu ilivyokuamulia vitu vitatu tayari: haina intaneti, haina stori, raundi ni fupi.

Gemu ya kwanza nimlenge nani?

Mtu mmoja unayemjua kwa jina. Josh Wardle alitengeneza Wordle, gemu ya kubahatisha neno la herufi tano, kwa ajili ya mwenzi wake anayependa michezo ya maneno, akaiweka wazi kwa watu wote Oktoba 2021, na Januari 2022 gazeti la New York Times likainunua. Sisemi na yako itanunuliwa, nasema ukiwa na mtu mmoja kichwani maswali mengi yanajijibu. Je, herufi ziwe kubwa? Kama ni ya bibi yako, ndiyo.

## Kutoka kwenye tunu mpaka kwenye gemu

Sawa nina tunu yangu, ni ukarimu. Sasa inakuwaje gemu?

Hapa ndo watu wengi wanapoteleza, wanaandika stori ya mtu mkarimu halafu mchezaji kazi yake ni kubonyeza "endelea". Tunu iwe kwenye kitendo, yaani kitu ambacho kidole cha mchezaji kinafanya tena na tena. Jiulize, mtu mwenye hiyo tunu anafanya nini kwa mikono, na inamgharimu nini? Kama haimgharimu kitu bado hujaipata.

Nikuonyeshe gemu niliyoimaliza ya kwanza, naiita Hodi, bahati nzuri tunu yake ni hiyohiyo. Skrini ni moja tu, ndani ya nyumba, mlango kulia, ndoo ya unga kushoto. Una vibaba kumi, nyumba inakula kimoja kwa siku, na unatakiwa kufika siku ya saba. Kila jioni mtu anabisha hodi na hujui ni nani. Ukifungua anaomba, unavuta unga kwa kidole kutoka kwenye ndoo mpaka mkononi kwake, na unaona ndoo inavyoshuka. Basi, gemu nzima ndo hiyo, kuvuta unga na kutazama ndoo.

Toleo la kwanza niliweka pointi, ukigawa kibaba unapata pointi kumi. Nikawapa watu watano wajaribu, wote wakagawa kama wanapanga foleni, hata hawaangalii sura ya anayeomba, wanatazama namba juu. Ukarimu ukageuka biashara. Nikatoa pointi zote, nikaacha ndoo tu, na watu hao hao wakaanza kusita kabla ya kuvuta. Kule kusita ndo nilikokuwa nakutafuta tangu mwanzo, na nilikupata kwa kupunguza kitu siyo kwa kuongeza.

Kuna magemu yaliyofanikiwa kwa njia hii au unatupa moyo tu?

Papers, Please ya Lucas Pope, 2013. Wewe ni afisa wa mpakani, kazi yako kukagua pasipoti na kugonga muhuri, unalipwa kwa idadi ya watu uliowahudumia sawasawa, na nyumbani familia inataka chakula na joto. Anakuja mtu karatasi zake zina kasoro na anakuomba umpitishe. Kidole chako kinagonga muhuri tu lakini dhamiri yako yote iko pale. Aliyewahi kusimama kwenye foleni ya mpaka wetu wowote na karatasi isiyokamilika ataielewa hiyo gemu haraka sana.

Undertale nayo, 2015, Toby Fox aliijenga hivi kwamba kila adui unaweza kumwacha hai, ukitaka unaimaliza bila kuua hata mmoja. Huruma imewekwa kwenye menyu ya pambano lenyewe.

Gemu ya kwanza iwe kubwa kiasi gani?

Steji moja au skrini moja, kitendo kimoja, uimalize ndani ya miezi miwili au mitatu ya jioni. Utaniambia Eric Barone alitengeneza Stardew Valley peke yake na ni kubwa, kweli, na ilimchukua zaidi ya miaka minne mpaka ikatoka Februari 2016. We una miaka minne ya kukaa hivyo? Wengi wetu tuna familia inayotutegemea.

Tunu itumie kama panga la kupalilia. Kila wazo jipya likija, liulize linasaidia kile kitendo au linakipunguzia nguvu. Kwenye Hodi nilitaka kuweka shamba, mvua, soko, kupanda bei. Yote mazuri, na yote yangemfanya mchezaji afikirie mavuno badala ya mtu aliyesimama mlangoni, nikayaacha. Niliyaandika kwenye daftari ili yasinisumbue kichwani, fanya hivyo na wewe.

Kwa kuwa mi ni Mswahili, lazima nitengeneze gemu ya utamaduni? Nilifikiria bao.

Lazima hakuna. Kama tunu yako ni kasi na unapenda magari, tengeneza magari kwa moyo mweupe, hakuna anayekudai ngoma na mikuki. Utamaduni unaobandikwa juu kama stika unaonekana tu, na wewe mwenyewe utachoka nao.

Ila kama bao unalipenda kweli, umekaa barazani ukatazama wazee, basi endelea, ila ujue ukubwa wake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mtu anaanza na kete 22 mkononi, kuna awamu ya kunamua (kuingiza kete za mkononi) kisha mtaji (kucheza na zilizo ubaoni), kuna shimo linaloitwa nyumba lenye sheria zake, kuna mashimo ya pembeni, kichwa na kimbi, kuna kutakata, yaani kucheza bila kula. Na kete zinaweza kuzunguka na kuzunguka, kuna hali kwenye bao ambazo mzunguko hauishi kabisa, kwenye kompyuta hapo gemu inaganda usipoweka kikomo. Kwa gemu ya kwanza chukua kipande. Kwa mfano fumbo moja: bao liko hivi, una kete moja mkononi, namua ufunge. Mafumbo ishirini ya hivyo ni gemu kamili, na huhitaji kompyuta yenye akili ya kushindana na mzee wa Zanzibar.

Gemu iwe ya Kiswahili au Kiingereza?

Rudi kwa yule mtu mmoja uliyemlenga, anaongea nini? Ila ukichagua Kiswahili usitafsiri, ijenge kwa Kiswahili. Mfano watu wengi wanataka Wordle ya Kiswahili, wanachukua visanduku vitano na kubadilisha orodha ya maneno, halafu wanashangaa haichezeki. Kiswahili kina viambishi, "nalia" na "tuone" yote ni herufi tano, orodha haina mwisho. Halafu ng'aa ina herufi ngapi, na kile kikoma cha juu kina kitufe chake au hakina? Sasa jaribu kila kisanduku kiwe silabi badala ya herufi: ki-ta-nda, m-to-to, ng'o-mbe. Ghafla inakaa mdomoni, mtoto wa darasa la pili anaweza kuicheza kwa sababu ndo alivyofundishwa kusoma, ba be bi bo bu. Hapo unaona kabisa aliyetengeneza anaipenda hii lugha.

## Vifaa na hela

Sina laptop, nina simu tu. Nisubiri?

Usisubiri. Lual Mayen ni mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, mama yake alidunduliza miaka mitatu akapata dola 300 za kumnunulia laptop, na kuichaji alitembea saa tatu. Kwenye hiyo laptop alijifunza na kutengeneza Salaam, gemu ya mkimbizi anayekimbia vita akitafuta amani. Alichokithamini kipo kwenye jina lenyewe, na alikuwa na sababu ya kutembea hizo saa tatu.

Kwa sasa Godot, enjini yaani programu ya kutengenezea magemu, ina toleo la Android, unaandika na kujaribu gemu kwenye simu yenyewe, ukipata kibodi ya nje inakuwa nafuu sana. Na kabla ya hapo tumia karatasi. Hodi niliicheza kwanza na maharage kumi kwenye kikombe, na mdogo wangu akabisha mlango kweli.

Enjini ipi?

Hata hapa tunu inaingia. Ukithamini kujitegemea, Godot ni ya bure, leseni yake inakuruhusu kufanya chochote na hakuna atakayekuja kukudai. Unity ina masomo mengi sana mtandaoni, ila Septemba 2023 walitangaza ada ya kila gemu inapowekwa kwenye kifaa, watengenezaji wakapiga kelele dunia nzima, na Septemba 2024 wakaifuta. Unreal ni nzito kwa kompyuta zetu nyingi, na wanachukua asilimia 5 gemu ikishaingiza zaidi ya dola milioni moja, tatizo zuri kuwa nalo. Mi nashauri Godot kwa anayeanza.

Na hela je? Nina familia.

Kutaka hela siyo dhambi na siyo kinyume cha tunu. Ila gemu ya kwanza ichukulie kama ada ya kujifunza. Akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi wanataka kwanza watu 12 wajaribu gemu yako siku 14 mfululizo, waandae hao mapema. Steam, duka la magemu ya kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu. Itch.io, tovuti ya kuweka na kuuza magemu, ni bure na unajipangia mwenyewe asilimia ya kuwapa, ndo ninapowaelekeza wengi kuanzia.

Gemu ndogo iliyokamilika utaionyesha ukiomba kazi. Projekti kubwa iliyoachwa nusu huwezi kuionyesha popote.

## Kesi ngumu

Nimepata mtu anataka nimtengenezee gemu ya kubeti, analipa vizuri. Ndo projekti yangu ya kwanza ya hela. Nichukue?

Nitasema ninavyoamini: usichukue, na hasa isiwe ya kwanza. Gemu ya kwanza ndo inayokufundisha mkono, miezi hiyo yote utakuwa unajifunza taa iwake vipi na mlio uwe vipi ili mtu aliyeshapoteza aweke tena. Ukishajua hivyo mkono wako utakuwa unakwenda huko huko. Nimeona nyumba ambayo ada ya shule ilikwenda kwenye simu usiku mmoja. Kama hela imekubana kabisa, tafuta kazi ya tovuti au ya duka, ifanye mchana, gemu yako ibaki safi usiku.

Tuko watatu na kila mtu anathamini chake.

Kila mmoja aandike sentensi moja tu, "mchezaji anafanya hivi, na inamgharimu hiki". Someni kwa sauti, chagueni moja, siyo mchanganyiko wa zote tatu. Ambao sentensi zao hazikuchaguliwa wapewe eneo wanaloliamua peke yao, picha au sauti. Na mgao wa hela uandikwe siku hiyo hiyo, mkiwa bado mnapendana.

Nimefika nusu naona siijali tena. Niache?

Pumzika siku tatu bila kuigusa. Ukirudi, cheza kile kitendo tu, bila menyu. Kama kidole bado kinapenda, ulikuwa umechoka, endelea. Kama hakipendi, kata gemu mpaka ifike ukubwa wa kumalizika ndani ya wiki mbili, maliza, itoe. Kumaliza nako kunafundishwa na kumaliza tu.

Wazazi wanasema magemu yanaharibu watoto.

Usibishane. Wana sababu, wameona watoto wakitoroka shule wakaenda kwenye mabanda ya gemu. Mtengenezee mzazi gemu ya dakika tatu yenye kitu anachokijua yeye, umkalishe acheze.

Nitajuaje gemu imebeba nilichokusudia?

Mpe mtu simu, nyamaza, usielekeze kitu, tazama uso na mikono badala ya skrini. Ukishaeleza tu umeharibu jaribio.

Hodi nilimpa mama mmoja jirani yetu, hachezi magemu kabisa. Siku ya tano ndani ya gemu alibakiwa na vibaba viwili, hodi ikapigwa, akakaa na simu mkononi kidole kikiwa hewani. Akaniuliza bila kunitazama, "Huyu ana mtoto?" Sikuwa na jibu maana gemu yenyewe haikuwa nalo. Usiku huo nikachora mwanga chini ya mlango, na kwenye mwanga miguu inayoonekana kabla hujafungua, mingine mikubwa peke yake, mingine mikubwa na midogo pembeni.